Harrow hadi Nairobi: Kilomita Zilezile, Saa Tofauti

Mwezi Oktoba 1960, ndege ya shirika la Pan American aina ya Boeing 707 ilikuwa inakaribia London ikiwa na abiria wa Heathrow. Rubani aliona alama aliyokuwa akiitafuta, akashusha magurudumu, akatua. Njia ya kurukia ikawa inamwishia mbele ya macho. Alikanyaga breki mpaka ndege ikasimama salama, lakini hapakuwa Heathrow. Palikuwa Northolt, uwanja wa jeshi la anga la Uingereza ulio karibu na Harrow, kaskazini-magharibi mwa London, ambao haukujengwa kwa ndege kubwa kiasi hicho.

Umbali kati ya viwanja hivyo viwili ni kilomita 10, au pungufu kidogo. Kilichomchanganya rubani ni matangi ya gesi. Anayekuja Heathrow kutoka kaskazini-mashariki alikuwa akijielekeza kwa tangi kubwa la gesi la Southall. South Harrow nako kulikuwa na tangi linalofanana nalo, nalo lilisimama kwenye njia ya kuingilia Northolt. Ndege ile ilibidi ipunguziwe uzito ndipo iweze kuruka tena kutoka kwenye njia fupi kama ile. Ili kosa lisirudiwe, matangi yalipigwa rangi: la Southall likaandikwa herufi LH kwa ajili ya London Heathrow, na la South Harrow likaandikwa NO kwa ajili ya Northolt. Leo matangi yote mawili yamekwishaondolewa, na marubani wanaongozwa na redio na setilaiti.

Kwa wakazi wa Harrow, habari za viwanja vya ndege zinagusa maisha ya kila siku. Sensa ya 2021 ilihesabu watu wapatao 261,000 katika manispaa hii, na waliozaliwa Kenya ni miongoni mwa makundi makubwa ya waliozaliwa nje ya Uingereza. Wapo pia waliotoka Uganda na Tanzania, wengi wao wakiwa watu wa asili ya Kigujarati ambao wazee wao walifanya biashara Nairobi, Kisumu, Kampala na Dar es Salaam, na ambao mpaka leo hukaanga mihogo na kuipaka pilipili na ndimu kama ilivyouzwa kando ya barabara za kwao. Katika nyumba kama hizo, ndugu anapougua au harusi inapotangazwa, mtu wa kwanza kufungua simu huuliza mambo mawili: ni mbali kiasi gani, na tutafika saa ngapi?

Swali la kwanza lina jibu ambalo halibadiliki. Kutoka Heathrow hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ni takribani kilomita 6,840. Hadi Entebbe ni karibu 6,500, na hadi Dar es Salaam ni karibu 7,500. Takwimu hizi hupatikana kwa kuchukua nukta moja maalumu katika kila uwanja, inayojulikana kwa latitudo na longitudo yake, kisha kupima njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia iliyo duara. Anayenyoosha uzi juu ya tufe kutoka London hadi Nairobi ataiona njia hiyo vizuri kuliko anayepiga rula juu ya ramani ya ukutani.

Uzi huo ukifuatwa, unatoka London kuelekea kusini-mashariki, unapita Ufaransa, unavuka milima ya Alps upande wa Uswisi, unateremka kando ya Italia, unavuka bahari ya Mediteranea na kuingia Libya. Hapo unakata jangwa la Sahara, unaingia Sudan, kisha Sudan Kusini, na kugusa Kenya pande za Turkana kabla ya kushukia Nairobi. Ndege kubwa za leo, kama Boeing 787, husafiri kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa, au zaidi kidogo. Anayegawa 6,840 kwa 900 anapata saa saba na nusu na dakika chache. Lakini ratiba za mashirika huandika saa nane na nusu, na wakati mwingine hukaribia tisa. Saa moja na zaidi imekwenda wapi?

Sehemu yake ni ya kawaida. Ndege haipai na kushuka kwa kasi ile ya juu. Inatambaa uwanjani kwa dakika nyingi kabla ya kuruka, na ratiba huhesabiwa tangu inapoondoka kwenye lango la abiria mpaka inapofika kwenye lango jingine. Juu ya hayo, mashirika huongeza dakika za akiba ili foleni ndogo isiifanye ndege ihesabiwe imechelewa.

Sehemu nyingine ni ya huzuni. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vilizuka Khartoum, na anga ya Sudan ikafungwa kwa ndege za abiria. Libya kwa miaka mingi imekuwa anga ambayo mashirika mengi ya Ulaya hayaigusi. Nchi hizo mbili zimelala katikati kabisa ya ule uzi. Kwa hiyo ndege ya London hadi Nairobi imelazimika kuzunguka, mara nyingi ikipita Ugiriki na Misri, ikafuata Bahari ya Shamu, kisha Ethiopia, ndipo iingie Kenya. Abiria anayetazama ramani kwenye kioo cha kiti cha mbele huona mstari wa ndege umepinda kuelekea mashariki, ukikwepa nchi nzima. Umbali kati ya viwanja haukuongezeka hata mita moja. Umbali unaorukwa umeongezeka, na kwa kila dakika inayozidi, shirika linachoma mafuta ambayo bei yake imo ndani ya tiketi. Hasara hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya watu wa Sudan wenyewe, ambao uwanja wao wa Khartoum uligeuka uwanja wa vita tangu siku ya kwanza.

Upepo nao una sehemu yake, ingawa njia hii hauibughudhi sana. Mito ya upepo mkali inayopita juu angani huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo wanaoihisi zaidi ni wanaovuka Atlantiki. Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyoitwa Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huzidi saa sita. Njia ya London hadi Nairobi hukata upepo huo ubavuni, na ndiyo maana tofauti kati ya kwenda na kurudi huwa ndogo.

Halafu kuna Heathrow yenyewe. Uwanja huo una njia mbili tu za kurukia, na hupokea na kuondoa ndege takribani 1,300 kila siku. Zinapokuja kwa mkupuo, waongozaji huziweka katika maeneo manne ya kusubiria angani, kila moja ikizunguka juu ya nyingine kwa ngazi, mpaka zamu ifike. Eneo moja liko Bovingdon, kaskazini-magharibi mwa Harrow. Ndege za kutoka kusini-mashariki, zikiwemo za Afrika Mashariki, mara nyingi husubiri juu ya Biggin Hill, upande wa Kent. Usiku nako kuna masharti makali: idadi ya ndege kati ya saa 5 na nusu usiku na saa 12 asubuhi ina kikomo, ili wakazi walio chini ya njia za ndege wapate usingizi. Ndiyo sababu ndege za alfajiri hufika kwa wingi, na abiria aliyekaa macho usiku kucha tangu Nairobi huiona London ikizunguka dirishani kabla hajaikanyaga.

Upande wa Nairobi shida ni nyingine. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mabawa hubeba uzito mdogo zaidi na injini hupumua kwa shida, hasa jua linapowaka. Ndege iliyojaa mafuta ya saa tisa huhitaji njia ndefu na hewa ya baridi, na usiku au asubuhi na mapema ndiyo wakati unaoifaa. Tatizo hili lilizaa ndege yake. Kampuni ya Vickers ya Uingereza iliunda VC10, yenye injini nne mkiani, kwa kufikiria viwanja vya joto na vya miinuko vya Afrika. Shirika la ndege la Uingereza, BOAC, lilianza kuitumia kwa abiria mwaka 1964 kwenye njia ya Lagos, na mwaka 1966 shirika la East African Airways, lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania, likapokea VC10 zake kwa ajili ya safari za London. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977, na Kenya Airways ikaanzishwa mwaka huohuo.

Ili kupima hatua iliyopigwa, inafaa kurudi nyuma zaidi. Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Uingereza la Imperial Airways lilifungua njia ya barua kutoka London hadi Mwanza, kwenye ukingo wa Ziwa Viktoria. Njia hiyo ilichanganya ndege za nchi kavu na ndege za majini, na barua zilitumia takribani siku kumi. Kisumu ilikuwa kituo chake kikubwa. Ndege zilishuka juu ya maji ya ziwa, mizigo ikapakuliwa, na kutoka hapo shirika la Wilson Airways, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, likaunganisha na miji mingine. Wakati ule, mtu wa Kisumu alikuwa kwenye njia kuu ya London. Leo mtu huyohuyo lazima apitie Nairobi.

Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth alikuwa Kenya baba yake alipofariki. Aliondoka Entebbe usiku wa tarehe 6 kwa ndege ya BOAC aina ya Argonaut, yenye injini za mapanga, ikajaza mafuta Libya, na ikatua London alasiri ya tarehe 7 akiwa tayari ni Malkia. Hata miezi mitatu haikutimia, tarehe 2 Mei mwaka huo, BOAC ilirusha ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria wa kulipa nauli, Comet, kutoka London hadi Johannesburg. Ilisimama Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na safari nzima ikamalizika kabla ya saa 24. Comet za kwanza zilisimamishwa mwaka 1954 baada ya ajali mbili baharini karibu na Italia, zilizotokana na uchovu wa metali ya bodi. Toleo lililorekebishwa, Comet 4, lilianza kufanya kazi East African Airways mwaka 1960. Siku kumi za mwaka 1931 zikawa sasa chini ya siku moja.

Basi kufikia miaka ya 1960, teknolojia ilikuwa imemaliza sehemu kubwa ya kazi yake. Waliobaki kuamua safari itachukua muda gani walikuwa watunga sheria, na hapa historia ya Harrow inaingia moja kwa moja.

Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, wakazi wa asili ya Kiasia walipewa miaka miwili kuomba uraia. Wengi walibaki na paspoti za Uingereza, walizoziamini kuwa ahadi. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasio raia, na familia zikaanza kufungasha. Kisha habari zikaenea kwamba Uingereza nayo inataka kufunga mlango. Wiki za mwisho za Februari 1968, uwanja wa Embakasi, Nairobi, ulijaa watu wakitafuta kiti chochote katika ndege yoyote iendayo Ulaya. Muswada ulipita katika Bunge la Uingereza kwa siku tatu, na tarehe 1 Machi 1968 ukawa sheria. Kuanzia hapo, mwenye paspoti ya Uingereza ambaye hakuzaliwa huko, na wala mzazi wala babu au bibi yake hana mizizi huko, hakuwa tena na haki ya kuingia. Alipaswa kusubiri kibali kwenye foleni iliyotoa idadi ndogo kila mwaka.

Aliyeondoka Nairobi siku ya mwisho ya Februari alifika Heathrow kwa safari ya mchana mmoja au usiku mmoja, akachukua teksi hadi Wembley, Kenton au Harrow. Jirani yake, aliyekawia siku mbili kwa sababu duka halijauzwa, huenda alisubiri miaka. Wapo waliojaribu bila kibali, wakarudishwa kutoka Heathrow, wakakataliwa na nchi walikotoka, na kurushwa tena kutoka uwanja hadi uwanja, hawana pa kushuka. Baadhi yao walipeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 1973 Tume ikaona kwamba sheria ile iliwabagua kwa rangi, na kwamba ubaguzi huo wenyewe ulikuwa kuwadhalilisha. Hayo yanastahili kukumbukwa kila takwimu ya umbali inapotajwa, kwa sababu ndege zile zilikuwa na mafuta, marubani walikuwa tayari, na njia ilikuwa wazi.

Uganda ikafuata. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye paspoti za Uingereza waondoke ndani ya siku 90. Ndege ya kwanza ya waliofukuzwa ilitua Stansted, kaskazini-mashariki mwa London, tarehe 18 Septemba. Watu wapatao 28,000 waliingia Uingereza kwa njia hiyo. Angani walikaa saa chache. Wengi kisha walikaa wiki au miezi katika kambi za zamani za jeshi, mabati na vitanda vya chuma, kabla ya kupata nyumba katika miji kama Leicester na vitongoji vya kaskazini-magharibi mwa London. Baadhi ya familia zinazonunua tiketi za Entebbe leo kutoka Harrow ni watoto na wajukuu wa abiria wale.

Sasa turudi kwenye tiketi za leo. British Airways iliacha kwenda Dar es Salaam mwaka 2013 na Entebbe mwaka 2015. Kwa abiria wa Dar au Unguja anayeondokea London, kuunganisha ndege ndiyo kawaida, na hapa hesabu ya umbali inasaidia kuliko watu wengi wanavyodhani. Nairobi imelala karibu kabisa juu ya mstari ulionyooka wa London hadi Dar es Salaam, kwa hiyo anayepitia hapo haongezi kilomita zenye maana. Anayepitia Addis Ababa anaongeza chini ya kilomita 200. Anayepitia Doha anaruka karibu kilomita 9,000, yaani kama 1,500 zaidi ya njia fupi. Hiyo 1,500 ni karibu saa mbili angani.

Hata hivyo, mara nyingi ni wa Doha anayefika mapema. Kinachoamua ni saa za kukaa katikati. Ndege ya Ghuba ikiunganisha kwa saa mbili, na ya njia fupi ikimweka msafiri kwenye kiti cha chuma kwa saa saba, kilomita hazimsaidii kitu. Mwenye mtoto mchanga au mzee mwenye kisukari anapaswa kusoma kwanza mstari wa kusubiri kwenye tiketi, kisha ndipo atazame bei. Na mwenye kuunganisha Nairobi kwenda Lamu au mbugani aangalie jina la uwanja, kwa kuwa ndege nyingi ndogo huondokea Wilson, takribani kilomita 12 kutoka Jomo Kenyatta. Barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022 imepunguza sana mateso ya Mombasa Road, lakini mizigo lazima ichukuliwe, forodha ipitwe, na gari litafutwe.

Safari huanza nyumbani pia. Kutoka katikati ya Harrow hadi Heathrow ni kilomita 15 hivi kwa mstari ulionyooka. Basi la SL9 hutoka kituo cha mabasi cha Harrow moja kwa moja hadi Heathrow likisimama vituo vichache. Anayependa treni ya chini ya ardhi, akipandia South Harrow kwenye laini ya Piccadilly, hukutana na jambo la ajabu kidogo: treni humpeleka kwanza kusini-mashariki, kuelekea katikati ya jiji, mpaka Acton Town. Hapo huteremka na masanduku yake, akasubiri treni ya tawi la pili, na kurudi magharibi kupitia Hounslow mpaka Heathrow. Laini ni ileile na uwanja uko upande wa nyumbani kwake, lakini reli imechorwa hivyo. Anayepelekwa na ndugu kwa gari naye ajue kwamba tangu Novemba 2021 kumshusha abiria mlangoni mwa Heathrow kunalipiwa.

Saa za ukutani nazo zinahitaji uangalifu. Afrika Mashariki haibadilishi saa zake, Uingereza hubadilisha mara mbili kwa mwaka. Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, Nairobi iko mbele kwa saa tatu. Miezi mingine iko mbele kwa saa mbili. Ikiwa ni saa 2 usiku Harrow, mama aliye Mombasa yuko saa 5 usiku Januari, na saa 4 usiku Julai. Ndugu anayekwenda kumpokea mgeni uwanjani atumiwe saa ya kufika kwa majira ya mahali pa kufika, kama inavyoandikwa kwenye tiketi, bila kujumlisha wala kutoa. Na watu wa pwani waongeze neno asubuhi au usiku, maana saa 3 ya tiketi na saa 3 ya nyumbani zimepishana kwa saa sita.

Muda wa safari unauma zaidi pakiwa na msiba. Katika familia za Kiislamu za pwani, maiti haicheleweshwi. Mtoto aliye Harrow anapopigiwa simu alfajiri, kwa kawaida hana namna ya kuwahi mazishi ya jioni, hata akipata kiti katika ndege ya kwanza. Wazee wengi sasa huwaambia watoto wao mapema, wakiwa bado wazima, kwamba wasijilaumu, na kwamba waje kwa arobaini. Ni mazungumzo magumu, na familia zinazoyafanya mapema huepukana na ugomvi mwingi baadaye.

Mwaka 2025 ulileta mlango mpya. Mwezi Mei shirika la Uganda Airlines lilianza kuruka moja kwa moja kati ya Entebbe na Gatwick, na Julai Kenya Airways ikaongeza safari za Nairobi hadi Gatwick. Kwa mtu wa Croydon hiyo ni habari njema bila masharti. Kwa mtu wa Harrow inahitaji hesabu, maana Gatwick iko upande wa pili wa London, karibu kilomita 50 kwa mstari ulionyooka, na njia ya kufika huko hukata jiji lote au huzunguka kwa barabara kuu ya M25 yenye foleni zake. Lakini anayekwenda Kampala huepuka kabisa kuunganisha ndege, na kwa mwenye wazee au watoto, treni mbili ndani ya London ni nafuu kuliko usiku wa kukaa Addis au Dubai.

Tuchukue mfano wa familia ya Harrow inayokwenda Kisumu kupitia Heathrow. Basi na kutembea, saa moja. Kufika uwanjani saa tatu kabla. Angani hadi Nairobi, saa nane na nusu hadi tisa. Uhamiaji, mizigo na kusubiri ndege ya ndani, saa tatu au nne, ikiwa hati za kuingia zilijazwa mtandaoni kabla ya kuondoka, kama Kenya inavyotaka tangu Januari 2024. Kisha chini ya saa moja angani hadi Kisumu, na gari hadi nyumbani. Jumla inakaribia saa kumi na nane, na karibu nusu yake hutumika chini. Muda wa angani familia haiwezi kuupunguza. Zile saa nyingine zina nafasi ya kupangwa: kuchagua ndege ya ndani isiyo mbali sana wala karibu mno na saa ya kutua, kujaza fomu wiki moja kabla, kusafiri na begi la mkononi pale inapowezekana, na kumwambia dereva wa Kisumu saa ya kutua kwa majira ya Kenya.